Mti Alioutaka Consolata

Vijana wangu wa kitaluni, mmeniomba niandike kitu kuhusu miaka yangu ya kazi, nami nimekuwa nikiahirisha kwa sababu mtu akistaafu ndipo anagundua kuwa nyumbani kuna kazi kuliko kazini. Hata kuku wamenizoea vibaya. Lakini leo mvua imenifungia ndani, mzee wangu amesinzia na redio kifuani, kwa hivyo wacha niandike. Sitawaambia nilianza na mshahara gani wala nilipandishwa cheo lini. La kwanza mtacheka, la pili nimesahau.

Siku ya kwanza nilikuja kazini na viatu vya kanisani. Nilijua nimeajiriwa kwenye kitalu cha maua na miti, na akilini mwangu kazi ya maua ilikuwa kazi ya mikono misafi. Msimamizi wetu wakati huo alikuwa Mzee Ekisa, Mteso wa Amukura, mtu mrefu asiyependa maneno. Alinitazama miguuni, akanipa koleo na kunionyesha rundo la samadi. Ilipofika saa sita mchana viatu vile vilikuwa vimeacha dini. Kesho yake nilikuja na gambuti, na hapo ndipo Mzee Ekisa aliponiuliza jina langu.

Miezi ya mwanzo nilijaza udongo tu kwenye karatasi za miche, yaani ile mifuko ya plastiki. Nyinyi siku hizi mnachanganya udongo huku mkitazama simu, na ninajua kwa sababu miche yenu inasimama kama watu waliolazimishwa. Mzee Ekisa alinifundisha kuchanganya udongo wa juu, mchanga wa mtoni na samadi iliyokaa, kisha kushika konzi na kuifinya. Ukiiachilia ikibaki donge gumu, umezidisha udongo wa mfinyanzi. Ikimwagika kama unga, umezidisha mchanga. Inafaa ikae kidogo halafu ivunjike yenyewe ukiigusa. Nilimlalamikia kuwa mkasi wa kupogolea ni butu, akanijibu kuwa mchagua jembe si mkulima. Jioni nikamkuta ameketi na tupa akiunoa mkasi ule ule, polepole, wala hakuinua macho. Nilimpenda mzee yule kuanzia jioni hiyo.

Kitalu chetu kuwa Busia, kando ya barabara inayokwenda Malaba kulituletea wateja wa kila aina. Kulikuwa na madereva wa malori waliokwama kwenye foleni ya mpakani, na dereva aliyechoka kungoja anaweza kununua chochote. Mmoja alinunua waridi, akaliweka mbele ya usukani na kwenda nalo mpaka Kampala na kurudi. Alikuja kunishtaki kuwa limekufa, utadhani mimi ndiye nililipeleka safari. Kulikuwa na wamama wa upande wa Uganda waliovuka kwa bodaboda na kuondoka na miche mapajani. Na kulikuwa na wale ambao mpaka leo mnawajua, wanaotaka ua lisilotaka maji, lisilotaka samadi na lisiloliwa na mbuzi. Hao nilikuwa nikiwaelekeza duka la plastiki mjini.

Lakini swali lililonifuata kazi nzima lilikuwa moja. Mtu amejenga, amepaka rangi, ana uwanja mbele ya nyumba, naye anataka kitu kimoja kizuri. Apande mti wa maua au apande ua la kutambaa? Mzee Ekisa alikuwa na sheria yake juu ya hilo: usimjibu mteja ukiwa umekaa. Inuka, nenda ukaone kwake. Tazama waya za stima zinapita wapi, shimo la choo liko wapi, ukuta una nguvu gani, na uliza nani atakuwa akimwagilia maji. Hilo la mwisho ndilo wenye nyumba hawapendi kuulizwa, kwa sababu jibu kila mara ni mke, na mke hayuko.

Ua la kutambaa, tuseme bogenvilia, lina haraka. Mwaka hauishi limeshafunika ukuta na majirani wameshaomba vijiti. Lina faida ya kuficha: choo cha zamani, mabati yenye kutu, ukuta ambao fundi alitoroka kabla ya kuupiga plasta. Lakini lina miiba, linataka kukatwa kila msimu, na ukilipuuza linaingia darini. Mti wa maua hauna haraka na mtu. Utakaa miaka ukiutazama na kujiuliza kama uliuziwa mwarobaini. Majani yake yataziba mifereji ya mabati, mizizi yake itatafuta shimo la choo. Lakini ukishasimama umesimama. Nilimpelekea mwalimu mmoja wa Budalang'i bogenvilia mara mbili, na mara mbili mafuriko yakaondoka nalo pamoja na uzio wote wa miti lililouparamia. Mara ya tatu alichukua mti, na mpaka leo maji yanakuja, yanauzunguka na kuondoka.

Basi niwape kesi moja, maana najua mmeruka aya zote za udongo kutafuta kesi.

Mzee Ekisa alikuwa amestaafu na mimi ndiye nilikuwa msimamizi. Alikuja mwanamume mmoja kutoka Namboboto, jina lake Wandera, mtu wa adabu, shati limepigwa pasi mpaka mikononi. Alisema kaka yake amefariki karibu mwaka mmoja uliopita, na familia inajiandaa kwa misa ya kumkumbuka. Angetaka boma la marehemu lipendeze. Alichagua bogenvilia ya rangi ya zambarau, akaomba tuipeleke siku ya Jumamosi na kuipanda kwenye ua wa mbele, pale kwa shemeji yake. Nilimpa pole. Nikajisemea moyoni, kumbe bado kuna mashemeji wema.

Siku chache baadaye akaja mwanamke mnene wa wastani, mchuuzi wa mitumba hapo sokoni Busia, amevaa leso nyeusi begani. Aliitwa Consolata. Alitaka mti wa maua kwa uwanja wake wa Namboboto, nami kwa kumuuliza-uliza nikatambua kuwa ndiye shemeji mwenyewe. Nikafurahi, nikamwambia shemeji yake tayari amemwagizia bogenvilia. Hakufurahi. Akaniuliza kama ninaweza kwenda kuona uwanja wake kabla ya Jumamosi, na kwa sheria ya Mzee Ekisa sikuwa na njia ya kukataa.

Nilienda. Boma lilikuwa zuri na safi, nyumba ya mabati ya marehemu upande mmoja na ya mama mkwe upande wa pili, kaburi katikati likiwa bado halijajengewa simiti. Mbele kulikuwa na kipande kipana kinachogusa barabara. Nilitembea, nikapima kwa hatua, nikatazama juu nikaona waya za stima zimepita pembeni. Nikamweleza Consolata kama ningemweleza mteja yeyote: mama, waya zile zitakusumbua mti ukikua, na utangoja miaka mingi kuona maua, wakati bogenvilia itakuchangamshia uwanja mapema. Nilisema vizuri kabisa. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kama mtu anavyomsikiliza padri mgeni.

Kisha akaniambia mambo yalivyo. Wandera alitaka kile kipande cha mbele ajenge vibanda vya kukodisha. Alikuwa ameanza kusema kwenye vikao kuwa mjane kijana hafai kukaa peke yake, ni afadhali arudi kwao. Na kwao ni Budalang'i, ambako shamba la baba yake liko chini ya maji nusu ya mwaka. Baada ya misa ya kumbukumbu wazee wangekaa kuzungumzia boma. Bogenvilia kwenye ua wa mbele ingependeza siku ya misa, na siku ya kujenga vibanda kijana mwenye panga angeimaliza kabla ya chai ya saa nne.

"Ua la kutambaa linaonyesha tu kuwa mtu alipita hapa," akasema. "Mimi nataka kitu kinachosema kuna mtu anaishi."

Hapo nikaelewa, nikaona aibu kidogo kwa hotuba yangu ya waya za stima. Wale mliokulia mjini mtaniuliza mti unaingiaje katika maneno ya urithi. Mimi ni mwanamke wa Marachi, na kwetu, kama kwa Wasamia, nililelewa nikiambiwa kuwa mwanamke hapandi mti bomani. Mboga apande, mihogo apande, maua ya kutambaa apande mpaka achoke. Mti, hapana. Akipanda mti, mume wake atakufa. Hakuna aliyewahi kunieleza mti huo unamuuaje. Nilikuwa mtu mzima ndipo nikang'amua kuwa mti ni alama ya mwenye ardhi. Anayeushindilia udongo kwa mkono wake ndiye mwenyewe, na hata akizikwa, wajukuu watasema ule ni mti wa fulani na pale ni kwa fulani. Nilikuwa nimekuza miche isiyohesabika kitaluni na sikuwa nimepanda hata mmoja kwangu, wala sikuona ajabu. Kitaluni mche uko ndani ya karatasi, na karatasi si ardhi.

Nilimuuliza Consolata taratibu kama haogopi maneno ya watu.

"Wanasema mwanamke akipanda mti anamuua mume wake," akajibu. "Wangu alishakufa. Sasa huo mti utamuua nani?"

Nilirudi pale mbele nikapima upya. Mbali na waya, karibu na barabara, katikati kabisa ya mahali ambapo vibanda vingejengwa, kulikuwa na nafasi ya mti mkubwa. Nikamchagulia kifabakazi, ule mti wa maua mekundu ambao wengi wenu mnauita Nandi flame. Unakua kwa bidii, unapenda udongo wa huku, na ukichanua mtu anauona akiwa bado mbali. Kama mtu anataka kusema yupo, nilijiambia, basi aseme kwa sauti.

Jumamosi tulifika na pikapu, mti mmoja na bogenvilia moja nyuma, vyote vimemwagiliwa maji ya kutosha kabla ya safari. Hilo msisahau kamwe: mche mkavu ukirushwa-rushwa njiani, udongo unavunjika na mizizi inakatika, kisha mteja anasema umemrogea. Wandera alikuwa amefika kabla yetu, shati lake limepigwa pasi kama kawaida. Akauona mti. Nilitarajia kelele, nilikuwa hata nimejiandaa. Lakini Wandera hakuwa mtu wa kelele. Alikunja mikono ya shati, akachukua jembe na kusema shimo atachimba yeye. Alilichimba vizuri, lazima nimpe haki yake, udongo wa juu kando na wa chini kando kama tunavyofundisha. Halafu akamfuata Consolata, aliyekuwa ameubeba mche kifuani, akanyoosha mikono.

"Mulamwa, lete nikusaidie," akasema kwa upole, akimwita shemeji kwa lugha yao. "Hii ni kazi ya wanaume."

Hakuna aliyekuwa hapo ambaye hakuelewa. Angeuweka yeye, angeushindilia yeye, na ungekuwa mti wa Wandera. Ungekua, ungechanua, na kila mwaka maua yake yangesema kuwa pale ni kwa Wandera. Asingehitaji hata kubishana na wazee. Consolata aliukumbatia ule mche mpaka nikahofia shina. Akanitazama mimi.

Nilifanya nilichoweza. Niliweka uso wa ofisi, nikasema kitalu chetu kina utaratibu: mche sharti upandwe na yule atakayeumwagilia maji, la sivyo ukikauka hatuleti mwingine. Utaratibu huo ulikuwa na umri wa dakika moja. Wandera akatabasamu, akasema hakuna shida, maji atamwagilia yeye mwenyewe, asubuhi na jioni. Niliona kabisa tumeshindwa, nikasikia uchungu ambao hata siku ya kuachishwa kazi nisingeusikia.

Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni kwake muda wote, akipembua maharagwe kwenye ungo. Wote walimwita Kukhu, yaani nyanya. Nilikuwa nimemsalimu tulipofika na baada ya hapo nikamsahau, kama kila mtu alivyomsahau. Aliweka ungo chini. Akaja polepole kwa fimbo yake mpaka penye shimo, akasimama kati ya mwanawe na Consolata. Alisema kwa Kisamia, nami nawapa kwa Kiswahili.

"Wandera, rudisha mikono yako. Mti ni wa huyu."

Wandera akaanza kumweleza mama yake, kwa heshima, kuwa mila haikubali. Kukhu akamwambia kuwa mila hiyo anaijua kuliko yeye, maana ameishi nayo tangu alipoletwa boma hili akiwa msichana. Alisema mila inamlinda mume asife, na hapa hakuna tena mume wa kulindwa. Yeye mwenyewe alipofiwa, Wandera akiwa bado ananyonya, shemeji zake walimwambia arudi kwao pia. Alikaa kwa sababu alikuwa na watoto wa kiume mgongoni na mkononi. Consolata ana wasichana. Ndiyo tofauti yote iliyopo, akasema, na yeye hataki kufa akijua kuwa tumbo lake lilizaa shemeji kama wale.

Wandera aliweka mikono nyuma. Consolata akapiga magoti, akachana karatasi taratibu kama nilivyomwonyesha, akauteremsha mti, akarudisha udongo wa juu kwanza, akashindilia kwa viganja mpaka kucha zikajaa tope. Alikuwa akilia waziwazi na hakujifuta. Mimi nilisimama pale na kopo la maji nikilia pia, na dereva wetu akajifanya anakagua gurudumu. Nafurahi kuwaambia kuwa vibanda havijajengwa mpaka leo, na wazee walipokaa baada ya misa walikutana na mti umeshasimama, wakazungumza habari za mvua.

Nikageuka kupakia vifaa. Kukhu akanishika mkono wa gauni, akauliza kama nimebakisha mti mwingine garini. Nilimwambia hapana, imebaki bogenvilia tu, nzuri sana, itamchanulia mapema. Akaitazama ile bogenvilia juu hadi chini.

"Hiyo mpe Wandera," akasema.

Nilirudi Busia na pikapu, nikachagua kifabakazi kilichonyooka kuliko vyote, na kabla jua halijatua nilikuwa tena Namboboto. Wandera mwenyewe ndiye aliyechimba shimo la pili, mbele ya mlango wa mama yake, bila shati lile la pasi. Kukhu hakuweza kupiga magoti, kwa hivyo Consolata alimshika kiuno naye akainama, akashindilia udongo kwa mkono mmoja, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Alipoinuka alitaka kujua maua atayaona lini. Wateja wazee huwa nawapunguzia miaka, lakini huyu nilishindwa kumdanganya. Nikamwambia ni miaka minne, labda mitano, mvua ikikubali.

Alifuta kiganja kwenye leso yake, akautazama ule mche uliokuwa haujamfika kiunoni, kisha akamtazama mwanawe.

"Nitangoja," akasema. "Mimi hapa sitoki."